Mlima Ndani ya Boksi

Breka ya duka ilikuwa na saa yake. Kila siku, jua likishapita utosini, kati ya saa nane na saa tisa, ilikatika. Friji mbili za soda zikanyamaza, pangaboi likazunguka mizunguko ya mwisho, na mwenye duka, mama wa makamo anayesema Kiarabu cha Juba na wanawe na Kiswahili cha kambi ya Kakuma na wateja, akatoka nje kutazama kama na majirani wamekosa kahraba. Majirani walikuwa nao umeme. Usiku, friji zikiwa zilezile na taa zikiwa nyingi zaidi, breka ilitulia tuli.

Akaitwa fundi, kijana wa Kinangop nchini Kenya, mmoja wa mafundi wengi wa Afrika Mashariki waliofuata kazi Juba na kupanga chumba mtaa wa Munuki. Boksi lilikuwa limefungwa kwenye ukuta wa mabati unaotazama magharibi, upande wa mlima Jebel Kujur. Alifungua kifuniko, akachungulia, akatoa hukumu.

"Mama, breka ni ndogo."

"Basi weka kubwa."

Mimi nilikuwa pembeni na soda yangu, ambayo ilianza kupata uvuguvugu. Nikamwuliza kama haogopi kupeleka bisibisi mle ndani wakati waya kubwa inayoingia bado ina umeme. Akacheka.

"Mzee, huku ni bondeni. Hewa nzito, umeme hauruki. Kule kwetu juu ndiko unaruka."

Nimeitafakari kauli ile kwa muda mrefu kuliko yeye alivyodhani. Nusu yake ni fizikia safi, ambayo wahandisi wengi wa mjini hawaikumbuki tena. Nusu ya pili ingeweza kumuua.

Tuanze na nusu njema. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu cheche. Alitumia hewa ya kawaida, haidrojeni na kaboni dioksaidi, akabadili shinikizo la kila gesi, kisha akapima ni volti ngapi zinazohitajika ili cheche iruke kutoka chuma kimoja hadi kingine. Aligundua kwamba umbali peke yake hauamui, na shinikizo peke yake haliamui. Kinachoamua ni zao la hayo mawili. Ukipunguza hewa, ni kama umesogeza vyuma karibu.

Sababu yake unaweza kuiona pale sokoni Custom saa mbili asubuhi. Senke, ndilo jina la pikipiki hapa Juba, haiwezi kushika mwendo kwa sababu kila hatua inakutana na gari, mkokoteni au mtu. Ikigusa kitu, inagusa polepole na hakuna kinachovunjika. Senke ileile, barabara ileile, saa kumi alfajiri, inakimbia, na ikigonga kitu inakipasua. Elektroni hewani iko hivyo hivyo. Katika hewa nzito inagongana na molekuli kabla haijapata kasi. Katika hewa nyepesi inakimbia umbali mrefu zaidi kati ya mgongano na mgongano, na ikigonga molekuli inang'oa elektroni nyingine. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, na hewa iliyokuwa ukuta inageuka kuwa waya.

Kwa hiyo kijana wa Kinangop hakukosea. Kwao ni zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Juba ni karibu mita 500. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya umeme vinalijua jambo hili, na breka na swichi nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki zimekusudiwa kutumika hadi mita 2,000. Ukizidi hapo, nafasi ya hewa kati ya vipande vyenye umeme inatakiwa kupanuliwa: kwa mita 3,000 iongezwe asilimia 14, kwa mita 4,000 asilimia 29, kwa mita 5,000 karibu nusu nzima. Anayetaka kujenga kituo cha umeme juu ya Kinyeti, kilele kirefu kuliko vyote Sudan Kusini chenye mita 3,187, hawezi kuchukua vifaa vya bondeni akavipandisha hivi hivi.

Lakini kinachoihusu elektroni ni molekuli ngapi ziko njiani, wala haijali kilichozipunguza. Mwinuko unazipunguza. Joto nalo linazipunguza, kwa kuwa hewa ikipashwa inatanuka.

Marubani wanaoruka kutoka uwanja wa Juba wanaijua hesabu hii kwa lazima. Uwanja uko mita 460 hivi juu ya usawa wa bahari, ila siku ya nyuzi 40 bawa la ndege halipati hewa ya mita 460. Linapata hewa nyepesi kama ya mita 1,400 katika angahewa ya vitabu vya marubani, na ndiyo maana ndege hula barabara ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Nyuzi 40 kwa Juba si ajabu. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto, ikitarajia nyuzi 41 hadi 45. Injini ya dizeli ya jenereta nayo hulalamika siku kama hizo: hewa inayovuta ina oksijeni kidogo, nguvu zinapungua, moshi unakuwa mweusi.

Sasa ingia ndani ya boksi la mama. Limefungwa, halina matundu ya kutosha, limebandikwa kwenye bati linalopigwa na jua la alasiri, na ndani yake waya zenyewe zinatoa joto. Nyuzi 60 si jambo la kushangaza mle. Piga hesabu ya gesi tuliyofundishwa sekondari, kwa shinikizo la Juba, na utapata kwamba hewa ya ndani ya boksi ni nyepesi kama ya mita 2,000 katika angahewa ileile ya marubani. Mita 2,000, namba ileile ya viwango. Fundi alishuka mlima, na mlima ukamfuata mpaka Munuki ukajificha kwenye boksi la bati. (Mto wenyewe unaopita hapa Juba jina lake ni Bahr el Jebel, mto wa mlima.)

Ingekuwa makala ya kutisha watu, ningeishia hapo. Lakini Paschen aliacha na habari nyingine, na inaharibu hofu na kiburi vyote viwili. Ukizidi kuipunguza hewa, volti zinazohitajika hupungua mpaka kiwango fulani, kisha zinapanda tena, kwa sababu molekuli zinakuwa chache mno hata elektroni inakosa cha kugonga. Kwa hewa, sakafu hiyo ni kama volti 327. Chini yake cheche hairuki yenyewe, uwe Mombasa ufukweni au kilele cha Kilimanjaro. Umeme wa nyumbani ni volti 230 kwa wastani, na mawimbi yake yanapofika kileleni ni volti 325. Zimebaki volti mbili! Kati ya fezi mbili, kwenye umeme wa volti 400, kilele ni kama 566, na hizo zinaweza kuruka, lakini katika nafasi nyembamba kama unene wa unywele.

Maana yake ni kwamba katika boksi la duka kinachozuia umeme kuruka si hewa nzito, wala hautaruka kwa sababu ya hewa nyepesi. Mwinuko ni habari ya laini kubwa, za kilovolti 11 na 33 na kuendelea, ambako hewa ndiyo ukuta halisi. Kwenye boksi la volti 400, umeme husubiri uletewe daraja.

Na madaraja ni mengi. Bisibisi inayoteleza. Spana inayoanguka. Kipande cha waya kilichosahauliwa. Mjusi aliyeingia kutafuta joto. Vumbi la kiangazi lililolowa mvua ya kwanza ya masika. Skrubu iliyolegea, ikachoma plastiki iliyo karibu mpaka ikawa mkaa, na mkaa hupitisha umeme. Kenya nzima ililijua jambo hili tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipopanda paa la kituo cha Gitaru na kuangukia transfoma. Transfoma ikajikata, mashine nyingine zikazidiwa na mzigo, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili aliponyoka hai. Hakuna aliyelaumu wepesi wa hewa.

Daraja likishawekwa, kinachofuata hakitegemei tena sakafu ya Paschen. Chuma kinayeyuka, kinakuwa mvuke, na mvuke huo wa moto unapitisha umeme vizuri kuliko hewa yoyote ya mlimani. Mtaani tunasema "imepiga shoti", neno linalobeba mambo matatu yasiyofanana: mtu kurushwa na umeme, fyuzi kukatika, na hili la tatu, ambalo wahandisi huliita tao la umeme, kwa kuwa waliolitazama kwanza katika maabara waliliona likipinda kama tao la mlango.

Tao si geni Munuki. Chini ya mwembe, hatua chache kutoka duka la mama, kuna fundi wa kuchomelea mageti. Nukta ile nyeupe yenye ubuluu mbele ya kioo chake cheusi ni tao lililofugwa: volti kama 25, ampea kama 150, yaani nguvu isiyofika kilowati 4, mahali padogo kama punje ya mahindi. Hata hilo dogo, ukilikodolea macho, usiku utalala kama uliyetiwa mchanga machoni.

Lisilofugwa ni lingine. Karibu na transfoma ya kVA 500, shoti inaweza kuvuta ampea 15,000. Tuseme tao limechukua theluthi tu, ampea 5,000 kwa volti 200. Hizo ni kilowati 1,000. Ni wachomeleaji zaidi ya 260 wamewasha rodi zao kwa pamoja ndani ya kabati, nawe umeingiza uso. Kiini chake kinaweza kufika nyuzi 19,000, wakati uso wa jua ni kama 5,500. Shaba ikigeuka mvuke inataka nafasi mara 67,000 ya ile iliyokuwa nayo, na kwa kuwa hakuna nafasi, mlango wa boksi unatupwa na matone ya shaba yanaruka nao.

Kinachoshangaza ni jinsi hatari hii ilivyochelewa kupata jina lake. Kwa miaka mingi mafunzo ya usalama yalihusu zaidi mshtuko: usiguse, vaa viatu vya mpira. Mwaka 1982 mhandisi Mmarekani Ralph Lee aliandika makala ya kitaalamu akaiita hatari nyingine ya umeme, akakokotoa mtu anaweza kusimama umbali gani na bado akaunguzwa ngozi bila kugusa chochote. Kipimo cha ngozi kilikuwa tayari, kutoka mahali usipopatarajia. Katika miaka ya 1950 na 1960 Alice Stoll, katika maabara ya Jeshi la Majini la Marekani huko Pennsylvania, baadaye pamoja na Maria Chianta, alichunguza ngozi ya binadamu inastahimili joto kiasi gani kabla ya kutoka malengelenge. Kutokana na kazi ya namna hiyo, wahandisi wa leo hutumia kalori 1.2 kwa kila sentimita ya mraba. Ni kama kushikilia kidole juu ya ulimi wa moto wa kiberiti kwa sekunde moja. Sekunde moja tu, na tao halihitaji hata hiyo.

Hapo ndipo breka inaporudi kwenye habari yetu, kwa sababu kuungua ni nguvu mara muda. Tao la kilowati 1,000 likikatwa ndani ya sehemu 3 za mia za sekunde, fundi anaweza kwenda nyumbani na nyusi zimeungua na hadithi ya kusimulia. Likiachwa sekunde 2, umeiongeza ile kalori karibu mara 70.

Sasa lile fumbo la saa nane. Breka za kawaida zina ulimi wa metali mbili ndani yake ambao hupinda ukipata joto, na ukipinda vya kutosha unafyatua. Ulimi huo haujui joto limetoka wapi, kwenye waya au kwenye jua. Kiwandani umepimwa kwa nyuzi 30 au 40. Ndani ya boksi la nyuzi 60, breka iliyoandikwa ampea 32 inaweza kuanza kukata kwenye 26 au 27. Friji za mama hazikuzidisha umeme. Ukuta wa magharibi ndio uliokuwa ukikata breka, na usiku ukuta ulipopoa, breka ilirudiwa na akili zake.

Kuweka kubwa, basi, ni kuondoa mlinzi aliyekuwa akilalamikia jua. Breka kubwa itanyamaza mchana. Pia itanyamaza waya nyembamba inapochemka ukutani, na itachelewa siku ambayo shoti ni dhaifu kiasi cha kutomshtua mlinzi mkubwa. Nimeona na wanaosokota waya wa shaba mahali pa fyuzi, hao tusiwataje.

Na kuna jambo ambalo kwa Juba lina tarehe. Kabla ya Novemba 2019, mtambo wa megawati 33 ulipozinduliwa na waya za mtandao zikaanza kufika mitaani, biashara nyingi ziliishi kwa jenereta. Jenereta ya kVA 20 hubeba ampea 29 hivi kwa kila fezi, na ikipigwa shoti hutoa mamia machache tu, kisha inazidiwa. Breka ya bei nafuu, iliyoandikwa kwamba inaweza kukata hadi ampea 4,500 au 6,000, kwa jenereta ile ilikuwa mfalme. Ichukue breka ileile, boksi lilelile, uliunganishe karibu na transfoma ya mtaa inayoweza kusukuma 15,000. Kwa macho hakuna kilichobadilika, na taa zinawaka vizuri zaidi kuliko zamani. Lakini breka ikiombwa kukata kisichomezeka inaweza kupasuka yenyewe. Ukiwa mbali na transfoma, waya ndefu na nyembamba hupunguza makali. Anayepaswa kuuliza ni yule ambaye transfoma anaiona kutoka mlangoni pake.

Hewa nyepesi haijamaliza kazi yake pia. Kila breka inapofunguka huzaa tao dogo tumboni mwake, na kazi yake ni kulisukuma kwenye vibati vilivyopangwa kama kurasa, likatwe vipande na kupozwa. Hewa nyepesi hupoza vibaya. Ndiyo sababu nyingine watengenezaji hushusha viwango vya breka zao juu ya mita 2,000, na ndiyo sababu boksi lenye kivuli na matundu ya kupumua si la anasa.

Niliyaeleza haya kwa fundi si kwa mpangilio huu, na si yote. Alinisikiliza akiwa na bisibisi mkononi, amevaa jezi ya klabu moja ya Uingereza. Jezi ndiyo iliyonipa tumbo joto kuliko yote. Poliesta huyeyuka karibu nyuzi 250 na kushika ngozi kama lami. Pamba huungua, lakini haigandi mwilini. Mitumba ya Juba imejaa mashati ya pamba, bei haizidi ya jezi, ila nani huenda kazini Jumamosi bila rangi za timu yake?

"Kwa hiyo breka si ndogo," alisema.

"Breka iko sawa. Boksi ndilo linalopikwa."

Alitazama ukuta, akaweka kiganja chake juu ya bati, akakiondoa haraka. Kisha akamwambia mama kwamba boksi lihamie ndani, upande wa mashariki, liinuliwe kidogo kutoka kwenye ukuta, na skrubu zote zikazwe upya. Mama akauliza itachukua muda gani. Fundi akasema saa mbili, na kwamba kwanza lazima akate meni kule kwenye nguzo, aweke kufuli, ufunguo autie mfukoni mwake, na apime kwa testa ndipo aguse.

"Saa mbili bila friji?" Mama alihesabu kreti za soda kwa macho. "Njoo jioni, mwanangu. Na ile jezi uibadilishe, nimesikia alivyosema mzee."